Viini Vinne, Arua

Amerudi Driciru, mhasibu wa ushirika wa asali,
kompyuta kaifunga kwenye kanga kama mtoto mwenye homa.
"Adiga," anasema, salamu hata haijaisha,
"uliniuzia mbili nukta nane.
Jana usiku nimesoma mwenyewe: sifuri nukta nane.
Mbili nzima imekwenda wapi?"

Ninamjua. Huyu hupima ndoo ya asali mara tatu,
na mara ya tatu anatoa kifuniko.
Siwezi kumwambia "ndivyo zilivyo" akaridhika.

Nawasha. Februari, mabati yanatatarika kwa jua,
umeme umekuja saa nne na haujasema utaaga lini.
Kwenye skrini wanajipanga viini vinne,
kila kimoja na namba yake,
wala hakuna namba inayotulia:
cha kwanza tatu nukta moja,
cha pili sifuri nukta nane,
cha tatu moja na mbili, sasa mbili kamili, sasa sifuri nukta nane tena,
cha nne kimya kama mgeni asiyejua lugha ya mezani.

"Unaona? Kimoja kinafanya kazi, vitatu vinakula bure."
"Havili," nasema. "Hapo ndipo penyewe. Havili."

Kiini kisicho na kazi hakisimami na jembe begani
kikingoja msimamizi apite.
Hushusha mapigo, hupunguza umeme,
hulala usingizi wa mlinzi: gusa kitasa tu, yuko macho.
Ile mbili nukta nane ya kwenye kibandiko
ni ahadi ya vyote vinne vikibeba pamoja mchana kutwa.
Kimoja kikibeba peke yake hupanda juu ya ahadi,
kwani waliolala wamekiachia nafasi yao ya joto.

"Nafasi ya joto?"
"Chumba ni kimoja, dada. Feni ni moja."

Nikampa kazi aione kwa macho: hesabu zake za miaka sita,
mizinga yote toka Terego mpaka Maracha,
ijumlishwe kwa mpigo mmoja.
Vikaamka vinne. Cha kwanza kikateremka,
tatu na moja, mbili na tisa, mbili na nane,
maana sasa ni wengi kwenye moto mmoja.
Nikafungua mdomo nijisifu.
Vyote vikadidimia: mbili. Moja na nusu. Moja.

Driciru akanitazama
jicho la mtu aliyeonja asali akakuta maji.

Sikuwa na jibu. Niligusa ubavu wa mashine
nikauondoa mkono upesi.
Skrubu saba. Ndani, vumbi jekundu la mji huu
limeifuma feni sweta,
na katikati yake nyuki mmoja mkavu, mabawa mazima.
"Huyo ni wako," nikasema.
"Huyo hajalipa ada ya uanachama," akasema,
na ndipo tulipocheka, mara ya kwanza siku ile.

Brashi. Pumzi. Dawa mpya ya kupozea, tone dogo kama punje ya mtama.
Tukarudia hesabu ileile: mbili na nane, vyote vinne,
havikushuka mpaka mzinga wa mwisho.

Jambo moja sikumwambia, alikuwa anahesabu noti:
kwamba hata kuvitazama ni kazi,
kwamba kiini huweza kuamshwa
ili kije kusema kilikuwa kimelala.
Namba unayoisoma
ni ya aliyeguswa bega.

Kaka yangu Ezama yuko Kampala, zamu za usiku.
Kila mchana nampigia kuuliza kama amepata usingizi,
na kila mchana hupokea mlio wa kwanza, sauti nzito:
"Hapana, niko macho."

Leo sikupiga.